Injini ya Posho Iliyompeleka Mwalimu Ngendo Shule

Waliozaliwa juzi hawajui kwamba zamani Naro Moru tulikuwa na saa ya bure. Saa yenyewe ilikuwa injini ya Nderitu. Ikianza kugonga asubuhi, tu-tu-tu-tu, kina mama wa ng'ambo ya mto walijua ni wakati wa kubeba mahindi, na mimi katika karakana yangu ya mbao nilijua chai yangu imechelewa. Nimetaka kuandika habari za mtu huyu kabla hazijanitoka, maana siku hizi nikitumwa chumvi dukani narudi na sabuni, na bado nasema asante.

Nderitu alizaliwa upande wa Timau, katika shamba la ngano la mzungu mmoja. Baba yake alikuwa mchungaji wa ng'ombe pale. Yeye mwenyewe hakupenda ng'ombe, na ng'ombe nao hawakumpenda. Alichopenda ni nyumba ya pampu, kibanda cha mabati kando ya kijito, ambamo injini ya dizeli ilivuta maji usiku na mchana. Alikaa humo mpaka akawa ndiye mwenye kuiamsha, kuilisha mafuta na kuilaza. Uhuru ulipokuja na yule mzungu akafunga virago, injini ilibaki mikononi mwa Nderitu, kwa sababu hapakuwa na mwingine aliyeelewa kelele zake. Aliipakia juu ya mkokoteni wa ng'ombe akaileta kwetu Naro Moru, akaifunga kwenye mawe ya kusagia, na tangu hapo akaitwa Nderitu wa posho.

Kila injini iko na tabia yake kama mtu. Hii ilikuwa ya taratibu, haina haraka, lakini ikishika kitu haiachi. Na kulikuwa na ule mkanda. Wengi mnakumbuka mikanda mirefu ya mashine za posho. Wa Nderitu haukunyooka kutoka injini hadi kwa mawe. Aliuvusha katikati ukapinda kama nane iliyolala, ndipo mawe yakazunguka vizuri. Ndivyo alivyouona ukifungwa kule Timau kwenye pampu, na ndivyo alivyoufunga miaka yote. Mtu akimuuliza, alijibu, "Ukinyooka hausagi," akaendelea na kazi. Hakuna aliyetaka kujua zaidi. Tulitaka unga.

Sasa nije kwa mke wake, Ngendo. Yeye alikuwa mwalimu katika shule ya juu, karibu na msitu. Alifundisha darasa la kwanza, na hakuna mtu niliyemwona akipenda kazi kama yule mama. Watoto wa wakata mbao waliokuja na kamasi na miguu mitupu, kufika mwisho wa mwaka walikuwa wanasoma maandishi kwenye magunia ya mbolea. Alikuwa akipanda kwa miguu kila asubuhi, anavuka mto kwa mawe, anapita kwenye mashamba ya viazi mpaka juu. Halafu mwaka mmoja, mvua za Aprili zikiwa kali, jiwe la mtoni likamgeuka. Alivunjika nyonga. Alilala hospitali ya Nyeri muda mrefu, na aliporudi alitembea kwa fimbo, hatua ya pole pole, kutoka mlangoni hadi jikoni na kurudi. Mlima ule hangeuweza tena kwa miguu yake.

Mwalimu mkuu alikuwa Bwana Khisa, Mbukusu wa Bungoma, mrefu, mwenye sauti ya kuimbisha kwaya. Alikuja mwenyewe nyumbani kwa Nderitu kueleza mambo. Nilikuwepo, nilikuwa natengeneza kiti cha Ngendo.

"Mwalimu," alisema Khisa, "nimekushikia darasa lako muhula mzima. Nimewafundisha mwenyewe, na watoto sasa wanasoma kama Wabukusu. Lakini wakubwa wa elimu wa Nyeri wamechoka kuningoja. Shule ikifunguliwa Septemba, Jumatatu ile ya kwanza, wanataka kuona mwalimu amesimama mbele ya darasa. Asipokuwepo, ataletwa mwingine, na wewe utapumzishwa."

"Kupumzishwa ni kufanya nini?" Ngendo aliuliza.

"Ni kukaa nyumbani, Mwalimu."

"Nimekaa tangu Aprili. Sijapumzika hata siku moja."

Khisa alicheka lakini macho yake hayakucheka. Alipoondoka, Ngendo alimgeukia mume wake. Alikuwa akimwita Baba Murugi, kwa jina la binti yao aliyeolewa Timau. Akamwambia, "Baba Murugi, punda siwezi kupanda, na hakuna gari linalokwenda kule. Kama kuna njia nyingine, nionyeshe. Nikikosa watoto wale, hii nyonga itakuwa imenivunja kweli."

Nderitu aliondoka akaenda kukaa karibu na injini yake. Wakati huo ilikuwa imenyamaza, kwa sababu umeme ulikuwa umefika sokoni na mtu mwingine alifungua mashine mpya inayosaga bila moshi. Watu walihamia huko, mimi pia, nisidanganye. Basi alikaa pale na injini isiyo na kazi, na mke ambaye kazi ilikuwa inamponyoka, na nadhani hapo ndipo mawazo hayo mawili yalipokutana.

Wiki iliyofuata alikuja na kitu kimevutwa na ng'ombe kutoka Nanyuki. Ilikuwa Land Rover iliyoungua mbele. Injini yake ilikuwa imekufa kabisa, lakini fremu ilikuwa nzima, na magurudumu, na giaboksi.

"Simeoni," akaniambia, "wewe utanitengenezea bodi ya mbao. Injini niko nayo."

"Injini gani?"

Akaonyesha kwa kidevu upande wa posho.

Nilifikiri huzuni imempanda kichwani. Na si mimi peke yangu. Habari zilipoenea, watu walipita uani kwake kama wanaokwenda kuona ng'ombe aliyezaa mapacha. "Nderitu, hiyo gari itakuwa inasaga mahindi njiani?" "Tukikupungia mkono utasimama, ama utatuambia tuchambue mahindi kwanza?" Mzee mmoja aliuliza ati abiria watapimwa kwa debe. Nderitu alicheka pamoja nao. Hakuwa mtu wa kukasirika, na nilijifunza kwake kwamba anayekucheka saa nyingine anaweza kukushikia ncha ya chuma kizito, ukimwomba kwa upole.

Ugumu ulikuwa hapa, nieleze kama nilivyoelezwa. Injini ile haikuwahi kumjua giaboksi yule. Matundu ya boliti ya huyu hayakulingana na ya huyu. Kwa hivyo lazima katikati yao likae bamba la chuma, upande mmoja limetobolewa kwa injini na upande mwingine kwa giaboksi, kama mkalimani kati ya Mmeru na Mjaluo. Na hiyo ni rahisi. Shida ni kwamba pua ya giaboksi, ule mtaimbo mfupi unaotokeza mbele, lazima uingie katika kitovu cha gurudumu zito la injini, katikati kabisa. Ukienda kando hata unene wa kucha, gari litatembea leo na kesho litakula vyuma vyake lenyewe.

Aliyejua mambo hayo ni Mbuvi, Mkamba aliyekuwa na gereji ndogo Nanyuki. Alikuwa amejifunza kwa kutengeneza malori ya kambi ya jeshi. Mbuvi alisema atakata bamba na kuunganisha klachi kwenye gurudumu, lakini aletewe kipimo cha kweli, si cha maneno. Hapo ndipo nilipopata kazi yangu. Nilichukua mbao nyembamba ya sanduku la majani chai. Tukapaka uso wa giaboksi grisi iliyochanganywa na masizi, tukaukandamiza juu ya mbao, na matundu yote yakajichora meusi kama nyayo za paka jikoni. Tukafanya hivyo upande wa injini pia. Nilitoboa kwa uangalifu kuliko nilivyowahi kutoboa kitu, na Nderitu akaibeba mbao ile hadi Nanyuki mapajani kama keki ya harusi.

Bamba liliporudi, lilikuwa chuma kinene kama kidole gumba. Tulilifunga, na Nderitu akamwita mke wake.

"Mwalimu, nipe sindano ya cherehani yako."

"Unataka kushona gari?"

"Nataka kuliuliza swali."

Aliifunga sindano kwenye gurudumu la injini kwa waya, ncha yake ikielekea ukingo wa tundu kubwa la katikati ya bamba. Kisha akazungusha gurudumu kwa mkono, pole pole, huku Ngendo ameinama kwenye kiti chake akitazama ile ncha. Mahali ilipokwaruza, alisema, "Hapa imegusa." Mahali ilipoachana na chuma, alisema, "Hapa imeogopa." Nderitu alilegeza boliti, akagonga bamba kwa nyundo ya mbao, tena wakazungusha. Waliendelea hivyo siku nzima, na kesho yake, mpaka sindano ikazunguka ikinong'ona sawasawa pande zote. Ngendo akainuka kwa fimbo yake na kusema, "Sasa imetosheka." Sijui kama niliwahi kuona mume na mke wakiongea vizuri kuliko siku zile mbili, na hawakuwa wanasema kitu zaidi ya kugusa na kuogopa.

Basi ikafika Jumamosi, na shule ilikuwa ifunguliwe Jumatatu. Bodi yangu ya mbao ya saipres ilikuwa imekaa, haijapakwa rangi. Mbuvi aliahidi kuja kwa basi kuona gari likitembea, maana alilihesabu kama mtoto wake, lakini basi lilichelewa na umati haukutaka kungoja. Nderitu akaingiza hendeli, akazungusha, na ile sauti tuliyoikosa miezi mingi ikarudi. Tu-tu-tu-tu. Kuna mama mmoja alishika kichwa akasema, "Haki, nimesahau debe nyumbani!" Kicheko.

Nderitu akapanda. Akakanyaga klachi, akaweka gia ya kwanza, akaachilia taratibu.

Gari likarudi nyuma.

Lilirudi nyuma kwa nguvu zote za injini isiyoachia kitu, likavunja ua, likaingia shambani kwa Watiri, mama yake mzazi, na kusimama katikati ya kabichi. Nderitu akajaribu gia ya pili. Likarudi nyuma kwa kasi zaidi. Ya tatu, nyuma. Hakutaka kujaribu ya nne, kwa sababu nyuma yake palikuwa na choo.

"Rivasi! Weka rivasi!" watu walipiga kelele. Akaweka rivasi, gari likatoka kwenye kabichi kwa heshima, likasimama uani. Watu walikuwa wameshikana wakicheka. Watiri peke yake hakucheka, alikuwa anaokota kabichi zake. Nilimtazama Ngendo. Alikuwa ameketi na fimbo magotini, mkono mdomoni, na sikuweza kujua kama anacheka au analia.

Mbuvi alifika jasho likimtoka. Aliposikia habari, alisema giaboksi imepangwa vibaya ndani, lazima ifunguliwe. Injini ilikuwa imezimwa, akamwambia Nderitu aiamshe ajionee. Nderitu akashika hendeli. Kabla hajamaliza mzunguko, Mbuvi alipiga ukelele.

"Simama! Wewe bwana, unazungusha upande gani?"

"Upande wake."

"Upande wake gani? Gari zote duniani zinazungushwa hivi!" Mbuvi alichora duara hewani kwa mkono, kwenda upande mwingine.

"Hii ni ya pampu," Nderitu alisema. "Tangu Timau imekuwa ikizunguka hivi."

"Na mawe ya posho yalizunguka aje?"

Nderitu aliweka hendeli chini. Kisha akainua vidole viwili, akavipitisha polepole kimoja juu ya kingine.

"Mkanda," akasema.

"Ulikuwa umepinda?"

"Kama nane."

Mbuvi aliketi chini kwenye majani. "Nimekata bamba kwa kipimo cha kweli," alisema, "na hakuna mtu aliniambia injini inatembea kinyumenyume."

"Hukuuliza," Nderitu alijibu, na wote wawili wakaanza kucheka, kicheko cha watu waliochoka. Kweli, ni mtu wa posho tu angeweza kukosea hivyo. Miaka yote mkanda ulikuwa ukigeuza mzunguko kwa niaba yake, na ulipoondolewa hakukumbuka kwamba ulikuwa na kazi.

Dawa ilikuwepo. Mbuvi alisema ekseli ya nyuma itapinduliwa, tumbo liangalie juu, na magurudumu yatageuza mwendo. Lakini vikalio vya springi vingekatwa na kuchomelewa upya, na mashine ya kuchomelea ilikuwa Nanyuki. Saa hizo jua lilikuwa limeshuka.

"Kesho nitakuja na vifaa," Mbuvi alisema. "Tutamaliza kabla ya giza."

Nderitu alitazama chini. Alikuwa mzee wa kanisa, na siku ya Bwana hakugusa hata bisibisi. Mbuvi alimwambia, "Mungu ataelewa, bwana. Ni mambo ya shule." Nderitu alimtazama mke wake, na nadhani kama Ngendo angesema neno moja, angefanya. Ngendo alisema, "Jumapili ni Jumapili. Sitaki kuwafundisha watoto amri nikiwa nimefika kwa kuivunja." Kisha akaingia ndani, na tulisikia fimbo yake ikigonga sakafu hadi kitandani.

Kesho yake kanisani waliketi pamoja, na mchungaji alituombea sisi sote tunaopita katika majaribu ya safari. Baadaye tulikunywa chai kwao. Gari lilikuwa nje limefunikwa shuka, kama mgonjwa. Mimi nilikuwa natafuta maneno ya faraja wakati Watiri alipoweka kikombe chini.

"Mimi niko na swali," alisema yule mama mzee. "Hiyo kitu yenu iliingia kabichi yangu ikirudi nyuma. Sawa. Ilitoka kabichi yangu ikienda wapi?"

"Mbele, mama," Nderitu akasema.

"Basi inaenda mbele."

"Ni rivasi hiyo, mama. Kwa sababu kila kitu kimegeuka, rivasi ndiyo..."

"Mimi sijui majina yake," Watiri alisema. "Lakini kabichi yangu inajua ilitoka mbele."

Ngendo alianza kucheka kwanza. Alicheka mpaka chai ikamwagika, na mimi ndipo nilipoelewa. Gari lilikuwa na gia tatu au nne za kurudi nyuma na moja ya kwenda mbele, na barabara ya shule haikuhitaji zaidi ya moja. Rivasi ni gia ya nguvu, ya kupanda. Nderitu aliinuka akamshika mama yake mikono yote miwili. Akasema, "Maitũ, nitakupandia shamba lote upya," na Watiri akasema, "Hilo ndilo nilikuwa nangoja."

Jumatatu asubuhi mlima ulikuwa wazi, theluji inaonekana. Tulimpandisha Ngendo kwenye kiti nilichokuwa nimemtengenezea, nikakifunga ndani ya bodi. Nderitu akaweka rivasi, na gari likaondoka kwenda mbele, mwendo wa mtu anayetembea, giaboksi ikilia kama nyuki wa mzinga mzima. Tulizungukia kwenye daraja la barabara, mbali na yale mawe ya mtoni, tukaingia kwenye viazi. Mimi nilitembea kando na jiwe mkononi, tayari kuzuia gurudumu, na sikulihitaji. Watoto wa shule walitoka kwenye vijia, wakaungana nasi, mpaka tulikuwa msafara. Mmoja alimuuliza, "Mwalimu, hili ni gari ama ni posho?" Akamjibu, "Utaniambia wewe ukishajifunza kusoma."

Bwana Khisa alikuwa amesimama langoni, na kando yake bwana wa elimu kutoka Nyeri akiwa na kofia na pikipiki. Watoto walikuwa wanapanga mistari kwa wimbo wa taifa. Khisa alitusikia kabla hajatuona.

"Nilisikia posho inapanda mlima," alisema, "nikasema leo Mungu ameamua watoto wale uji."

Bwana wa Nyeri alizunguka gari lote, akainama, akainuka. "Linatumia gia gani?" aliuliza.

"Rivasi," alisema Nderitu.

Yule bwana alimtazama kitambo, akaamua kutouliza zaidi. Alimtazama Ngendo akishuka kwa fimbo, akivuka uwanja polepole, na wimbo ulipokwisha, akiingia darasa la kwanza nyuma ya watoto wake. Tulisikia watoto wakisimama na kuimba kwa pamoja, "Good morning, Mwalimu!" Bwana yule alivaa kofia yake, akapiga pikipiki yake teke, akaenda zake. Hakuletwa mwalimu mwingine.

Wiki hiyo Mbuvi alipindua ekseli, na gari likapata gia zake za mbele. Lilipanda na kushuka mlima ule miaka mingi bila kula vyuma vyake, kwa sababu sindano haikudanganya. Lilibeba pia wagonjwa, maharusi, mbegu za viazi, na mara moja jeneza nililolitengeneza mimi. Nderitu hakumnyima mtu nafasi, hata wale waliouliza habari za debe.

Na baadaye, serikali ilipotangaza masomo ya gumbaru kwa watu wazima, Ngendo alifungua darasa pale shuleni kila alasiri. Shule yangu mimi ilikuwa ya utotoni, fupi, na niliisahau. Nderitu alinipakia, nikakaa nyuma kwenye bodi ya mbao niliyoichonga mwenyewe, nikapanda kwenda kufundishwa herufi pamoja na bibi za wakata mbao. Kila neno kwenye kurasa hizi lilipitia kule.

Nderitu amelala sasa karibu na mama yake. Ngendo bado yupo, kwa Murugi kule Timau, na nitampelekea karatasi hizi azisome, kama bado ananivumilia. Mungu awabariki wote wawili, na Mbuvi popote alipo, na Bwana Khisa. Na kabichi za Watiri, ambazo sikuwahi kuzishukuru wakati ule kwa sababu nilikuwa nacheka, leo nazishukuru.